Franga ya samaki na franga ingine: vile familia ya wavuvi ku Kivu inaweza kujipanga

Mvuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, anapata franga usiku na inaisha muchana, na kila mwezi kuna siku karibu kumi zenye hata hiyo ya usiku haiko, juu mbalamwezi imekuwa kubwa na sambaza hawafuate tena taa. Weka na siku za upepo, siku motere imekufa, siku wavu umekamatwa, siku hali ya inchi imeharibika watu hawatoke hata ku muto, unakuta familia inaishi mwaka muzima kwa kazi ya nusu mwaka. Haya naandikia hizo familia, za upande wa Kongo, Minova, Kalehe, Katana, Idjwi, wale wa pembeni ya Kituku kule Goma, na mtu yeyote mwenye bwana, baba ao kaka yake analala ku ziwa. Nataka kueleza vile nyumba inaweza kupangwa franga iingie kwa milango mingi, bila kuacha ziwa na bila kukaa kungoja proje ya ONG (mashirika ya msaada).

Tuanze na ziwa lenyewe, juu kuna kitu watu hawapendi kusikia. Kivu ni kubwa, kilometa za mraba kama 2,700, na kina chake kinafika mita karibu 485, lakini samaki wanaishi tu mu ile tabaka ya juu yenye iko na hewa, mita kama 60 hivi za kwanza. Kule chini ni gazi, CO2 na metani, samaki hawezi kupumua, na mbolea nyingi yenye ingelisha maji imefungiwa hukohuko chini. Njo maana ziwa letu ni tajiri wa gazi na maskini wa samaki ukililinganisha na Tanganyika. Hata sambaza wenyewe ni wageni, waliletwa toka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kabla ya hapo katikati ya ziwa kulikuwa karibu wazi. Sasa wote tunakula ku samaki huyo mmoja, Wakongomani na Wanyarwanda. Ukiongeza ekipe (kundi la wavuvi na pirogi zao), ukinunua taa kubwa, samaki haziongezeke, zinagawanyika tu. Na wale wenye wanatega kaningini (nyavu za kukamata samaki wadogo) na michandarua ya mbu pembeni ya ziwa wanatosha watoto wa sambaza wenye wangekuwa beseni nzima kisha miezi michache, halafu wanauliza kwa nini mwaka huu hakuna kitu. Sambaza anaishi muda mfupi, mwaka hivi, ukimuua akiwa mutoto umekula mbegu.

Kwa hiyo ile mawazo ya "nikipata nyavu mbili zaidi nitatoka" mimi siiamini. Franga ya kuongeza iko ku nchi kavu, na sehemu kubwa iko ndani ya samaki huyohuyo mwenye umeshavua.

KALENDA MBELE, KAZI MUPYA NYUMA

Watu wanaanzaka kwa mwisho. Wanasikia kobai (ule munyama mudogo kama sungura, cochon d'Inde) inalipa, wanakimbia kununua kobai, kesho wanasikia vitunguu, wanauza kobai wanunue mbegu ya vitunguu, mwisho wa mwaka hawana kobai wala vitunguu.

Chukua kaye (daftari) ya mutoto, ukurasa mmoja kwa kila mwezi. Andika siku za giza na siku za mbalamwezi, hiyo hata mutoto wa mvuvi anaijua. Andika wakati wa mvua, kuanzia Septemba mpaka Mei, na kiangazi cha Juni mpaka Agosti. Andika pale franga inatoka kwa nguvu: Septemba masomo (primere ya serikali ni bure toka 2019, sawa, lakini yunifomu, makaye, viatu, na segondere hakuna bure), Desemba sikukuu, wakati mama anakaribia kuzaa, wakati bashi (shiti ya plastiki) ya nyumba imepasuka na mvua inakuja. Upande mwingine wa ukurasa andika pale inaingia. Utaona matundu kwa macho yako. Kazi yoyote utaongeza iwe imeitwa na tundu moja ya hayo. Kama tundu yako ni ile wiki ya mbalamwezi, unahitaji kitu chenye kinauzika kila wiki. Kama tundu ni Septemba, unahitaji kitu chenye kinakua polepole na kinakomaa Agosti. Hizo si kazi moja na watu wanazichanganyaka.

Na mbalamwezi yenyewe si hasara tupu. Hizo siku papa ako nyumbani usiku na muchana, mikono yake iko bure. Hapo njo pa kuchimba etan (bwawa la kufuga samaki), kulima, kushona nyavu za watu kwa malipo, kutengeneza vitanda vya kukaushia samaki. Akizipitisha zote ku nganda (baa) akikumbuka vile alivua sana wiki iliyopita, basi hakuna kaye itamusaidia.

Ku kurasa za nyuma za kaye ileile, kwa mwezi mmoja tu, andika kila usiku: tulitoka ao hatukutoka, mafuta ao beteri ilikula ngapi, fungu langu lilikuwa nini, tulikula ngapi, tuliuzisha ngapi, tulimupa nani. Ku ekipe nyingi wanatosha gharama kwanza, kisha mwenye pirogi na nyavu anachukua lake, yenye inabaki njo inagawanywa kwa wale waliopiga kasia na kuimba usiku kucha. Mvuvi wa kawaida anakumbuka beseni zenye zilishuka ku mwalo (pale pirogi zinafikia), anasahau kwamba zake zilikuwa kopo chache. Kisha mwezi utajua kipato chako cha kweli, na mara nyingi ni kidogo kuliko vile ulikuwa unajisifia.

USIKIMBIE SAMAKI, KWANZA USIMWACHE AOZE

Asubuhi ya giza nzuri mwalo wote unajaa kwa wakati mmoja. Saa kumi na mbili bei iko juu, saa mbili wamama wameshatosheka, saa nne jua linawaka na sambaza tumbo zinaanza kupasuka, unauzisha kwa bei ya kutupa juu hautaki kurudi nazo. Wiki mbili kisha, mbalamwezi, mtu anatafuta sambaza Kadutu mzima, kule Bukavu, bei imepanda. Ukaushaji mzuri unahamisha samaki toka ile asubuhi ya kujaa mpaka ile wiki ya kukosa. Hiyo tu. Haihitaji gari, haihitaji mutaji mukubwa.

Watu wengi wanakausha chini, ku muchanga ao ku bashi kuukuu. Samaki anakula muchanga, kuku anapita, mvua inamukuta, na muchuuzi wa mujini akimutafuna mara moja akisikia kokoto mu meno anapunguza bei ya gunia zima. Tengeneza kitanda. Miti ya mikaratusi, urefu mpaka kiuno, upana mkono wako ufike katikati bila kuegemea, juu utandike wavu wa chuma wenye matundu madogo ao wavu kuukuu wa sambaza umevutwa vizuri usibonyee. Osha samaki mu maji safi yenye chumvi kidogo, si maji ya pale pirogi zinaegesha, tena ya mwisho iwe safi kabisa. Acha zichuruze maji. Kisha tandaza tabaka moja, samaki asilale juu ya mwenzake, hapo njo watu wanaharakisha wanaharibu. Kisha masaa mbili ao tatu geuza. Jioni funika ao ingiza ndani, juu umande wa usiku ku Kivu si mchezo. Kiangazi siku moja na nusu ao mbili zinatosha. Wakati wa mvua weka bashi karibu, mutoto mmoja akae macho ku mawingu, na kama mvua imekaza siku mbili mfululizo bora umalizie juu ya moshi kuliko kungoja jua.

Utajuaje zimekauka? Chukua moja ya katikati ya kitanda, si ya pembeni, uikunje. Ikivunjika na sauti, imekubali. Ikijikunja kama kamba bado, na ukiiweka mu gunia hivyo, wiki ijayo utakuta ukungu na wadudu. Gunia lisilale chini, weka juu ya mbao, na usifunge samaki angali na joto la jua.

Sasa hesabu, na hapa wengi wanajidanganya. Kilo karibu nne za mbichi zinakuwa kilo moja kavu. Kwa hiyo kama kilo kavu haiuzike angalau mara tano ya bei yenye mbichi ungepata ile asubuhi, umefanya kazi ya bure, uza mbichi. Siku samaki ni wachache na bei iko juu, hakuna kukausha. Siku mwalo umejaa, kausha yote yenye kitanda inaweza kubeba. Hakuna mtu wa kukukatia hiyo kila asubuhi, utaangalia bei mwenyewe.

Kukaanga ni mlango mwingine, mudogo lakini wa kila siku. Sambaza ya kukaanga na pilipili na ndimu ku nganda za Bukavu na Goma haikosi mtu kuanzia saa kumi na moja ya jioni. Mama anaweza kuanza na sufuria moja na lita moja ya mafuta. Siri iko ku mafuta: yakishakuwa meusi usiendelee kuyatumia ili uokoe franga kidogo, mutu wa bia ana ulimi, atahamia kwa jirani. Samaki wakauke maji kabla ya kuingia sufuria, wapakwe chumvi na unga kidogo tu, moto mukali, kidogo kidogo. Ukijaza sufuria mafuta yanapoa, samaki zinakunywa mafuta badala ya kukaangika, na franga yako imekwenda hapo.

Kuhusu kuuzisha mbichi mujini, simu iwe mbele ya pirogi. Mama wa Katana mwenye anaita muteja wake wa Nyawera ao Kadutu, masoko ya Bukavu, saa kumi na moja ya asubuhi anajua bei kabla ya kufunga beseni. Mwenye anafika bila kuita anakuta bei yenye wenzake wameshaikubali. Wamama watano wakitumana mmoja na beseni zote, na zamu ikizunguka, transpo inagawanywa kwa tano na wanne wanabaki kufanya ingine. Tena kila bariere ya njiani inakula kidogo, bora ikule mara moja.

FRANGA YA MAMA IKAE KWA MAMA

Hapa wapapa watanisamehe. Ku nyumba nyingi za mwalo papa analeta samaki, mama anauzisha, halafu papa anauliza franga yote iko wapi mpaka kopo la mwisho. Mama kama huyo hawezi kujenga biashara, juu mutaji wake unaliwa kila jioni. Patana mapema: mama "anunue" samaki kwa bwana yake kwa bei yenye mumekubaliana, iwe chini kidogo ya bei ya mwalo, amulipe, na faida yenye inatoka ku kukausha ao kukaanga ibaki mikononi mwake, na kutoka humo yeye njo anabeba vitu fulani vya nyumba vyenye mumetaja, tuseme sabuni, chumvi, masomo ya watoto. Inaonekana ajabu kununua samaki kwa bwana yako. Lakini kaye inasema ukweli, kila mtu anaona chake, na makelele inapunguka.

Kisha kuna faida ingine. Mama mwenye ana mutaji wake anachagua ekipe ya kununulia. Mwenye anakopa kila asubuhi, anachaguliwa, tena kwa bei ya mwenye samaki.

PA KUWEKA

Franga ya samaki inakuja kidogo kidogo na kila siku, ni franga rahisi sana kukula. Kwa hiyo inahitaji pa kukimbilia siku ileile. Likelemba kila mtu anaijua, munatoa sawa, mmoja anabeba, zamu inazunguka. Ni nzuri kwa kununua kitu kimoja, bashi, wavu wa kitanda cha kukaushia, mbuzi. Haikusaidie siku ya msiba, juu zamu yako bado.

AVEC, kundi la kijiji la kuweka na kukopeshana, inaenda mbali zaidi. Munakutana kila wiki, kila mtu ananunua hisa, moja mpaka tano, kulingana na vile wiki yake ilikuwa, na hiyo njo inaipendeza mvuvi: wiki ya giza unanunua tano, wiki ya mbalamwezi moja, hakuna mtu wa kukuchekelea. Sanduku iko na kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na mwenye kutunza sanduku asikuwe na funguo. Munakopeshana na faida kidogo, na kisha miezi tisa mpaka kumi na mbili munagawana. Shauri langu: pangeni muzunguko uishe katikati ya Agosti. Munaelewa mwenyewe kwa nini.

MUSO, kundi la kusaidiana, nayo haigawane mwisho wa mwaka, inaendelea, na iko na makasha kwa rangi: kijani ya akiba na mikopo, nyekundu ya msaada wa ugonjwa na msiba, bluu kwa franga yenye inatoka inje. Mutu mwenye kazi ya hatari kama ya ziwa asikose ile nyekundu. Ku mwalo wenyewe hakuna asuransi ingine.

Upande wa Goma, toka banki zilifunga milango mwishoni mwa Januari 2025, watu walijifunza kwa nguvu kwamba kuweka yote pa moja ni hatari. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinasaidia kutuma, lakini kutoa franga kunakatwa, na siku wakala hawana franga mukononi wanakata zaidi, kwa hiyo usitoe kidogo kidogo kila siku. Gawanya: sehemu ku sanduku, sehemu ku simu, sehemu ikae katika kitu chenye kinauzika, mabati, gunia la sambaza kavu, mbuzi. Na usimwambie kila mtu sanduku linalala kwa nani.

KAZI ZENYE ZINAKUBALIANA NA ZIWA

Sasa njo tunafika ku kazi zingine. Chagua moja ya kila wiki na moja ya kila mwaka, basi. Za katikati zitakuja zenyewe.

Ya kila wiki, mimi naanza na lengalenga (mchicha). Kisha wiki tatu ao nne unavuna, hauhitaji shamba, kipande cha pembeni ya nyumba kinatosha, na wakati wa kiangazi wakati milima imekauka wewe uko na ziwa pale, ndoo mbili asubuhi ndoo mbili jioni, bei inakupendeza. Panda vipande vitatu kwa kupishana wiki moja ili usivune vyote siku moja ukauze kwa bei ya hasara. Maji ya kuoshea samaki yenye haina chumvi, magamba na matumbo usiyarudishe ku ziwa, changanya na majani na majivu mu shimo, funika na udongo mbwa zisifukue, kisha miezi miwili uko na mbolea ya bure. Maji yenye chumvi usimwage ku bustani. Vitunguu na nyanya zinalipa zaidi, miezi mitatu ao mine, lakini zinaomba dawa na uangalizi, usianze nazo.

Kobai nazipenda kwa sababu yenye vitabu vya ufugaji havisemi sana: mutu akikimbia vita anaweza kuzibeba mu kikapo, na mwizi akipita usiku anatafuta mbuzi, haoni kobai chini ya kitanda. Jike anabeba mimba kama miezi miwili, anazaa mbili mpaka nne, anakula majani ya kila aina na maganda. Anahitaji majani mabichi kila siku, juu mwili wake hautengenezi vitamini C, ukimulisha kavu tupu anakonda na kufa. Anza na dume moja na majike matano, sakafu ikae kavu, badilisha dume kwa jirani ili watoto wasizaane na baba yao. Hautatajirika. Lakini siku mutoto amepata malaria na hakuna samaki, kobai mbili tatu zinaenda ku soko na dawa inapatikana, mbuzi mzima anabaki.

Etan ya tilapia, hapo polepole. Watu wa ziwa wanaona ni rahisi juu wanajua samaki, na mimi nimeona etan nyingi zimekuwa makao ya vyura. Kabla ya kuchimba jiulize tatu: maji yanaingia mwaka muzima? udongo unashika maji (chukua bonge lenye maji, ulifinyange mpira, uurushe juu, ukidondoka mkononi bila kuvunjika ni mzuri)? na je mafuriko yanapita hapo? Hiyo ya tatu tusiichezee. Tarehe 4 Mei 2023 Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, mito ilishuka na mawe ikabeba nyumba, soko na watu zaidi ya 400. Bonde lenye linaonekana zuri kwa etan mara nyingi njo njia ya maji. Kaa pembeni, juu kidogo, leta maji kwa mufereji mudogo wenye unaweza kufunga.

Kina kiwe sentimita 80 upande wa juu na mita moja ao kidogo zaidi upande wa kutolea maji. Pembeni weka zizi la miti mu maji, ujaze majani, kinyesi cha mbuzi ao cha kobai, kila wiki ongeza. Maji yakikuwa kijani, ukiingiza mkono mpaka kiwiko hauoni tena vidole, chakula cha samaki kiko. Weka samaki mbili kwa mita moja ya mraba, si kumi. Tilapia shida yake ni kuzaa, kisha miezi mine etan imejaa vidogo vyenye vinakula bila kukua, kwa hiyo kila mara pitisha wavu utoshe vidogo, kaanga, kula, uza. Kisha miezi sita mpaka nane uko na samaki wa sahani. Kama miezi unaihesabu mpaka sikukuu ya Desemba, uchimbe wakati gani? Rudi ku kaye.

Ya kila mwaka ni kahawa kwa wale wa Idjwi, Kalehe na Minova, na nanasi kwa wa Idjwi. Kahawa inaomba miaka kama mitatu kabla ya kukulipa, panda chini ya ndizi ili ungoje ukila. Wakati wa mavuno, Machi mpaka Juni, peleka matunda mekundu tu ku kituo cha kuosha cha koperative, siku ileile, changanya na mabichi na watakupunguzia. Kilo sita ao saba za matunda zinatoa kilo moja ya kahawa ya kijani (mbegu kavu zenye hazijakaangwa), ukikumbuka hiyo hautashangaa tofauti ya bei. Usitie sahihi kuuzisha mavuno yangali ku miti, mutu mwenye anakuletea franga Novemba kwa kahawa ya Aprili anajua anachofanya.

Ingine ndogo yenye watu hawaioni: zile beteri na paneli za taa za ekipe zinalala muchana bure. Mahali hakuna umeme, mutoto wa ekipe anaweza kuchaji simu za mwalo mzima asubuhi, mradi beteri ijae tena kabla ya jioni, kwa hiyo iwe patano na mwenye ekipe na hesabu ya simu ngapi kwa siku isipitishwe. Kushona nyavu, kutengeneza pirogi, kuvusha watu, zote zinaingia hapo.

Ila kuvusha watu na muzigo, sikia. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli yenye ilitoka Minova ilizama karibu kabisa na Kituku, watu wakiona toka pwani. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Mama, kama beseni yako inafika Goma leo ao kesho tofauti ni franga kidogo, ngoja yenye haijajaa. Nunua jile ya kuelea ku maji mwenyewe, iwe yako, usingoje ya meli. Na mvuvi wa usiku vilevile, siku upepo umegeuka usiende kwa sababu ya deni.

DENI LA MWENYE EKIPE

Maana deni njo linatoa watu ku ziwa siku mbaya. Mwenye ekipe anakukopesha wakati wa mbalamwezi, kwa roho nzuri ao mbaya, na wakati wa giza anakata ku fungu lako kwa bei yake, kisha mbalamwezi ingine unakopa tena. Familia zingine ziko humo miaka. Kutoka haihitaji kulipa yote siku moja. Kwanza andikeni deni mbele ya mutu wa tatu, ni ngapi, maana mara nyingi hakuna mwenye anajua. Pili ukubaliane likatwe kiasi kilekile kila usiku wa kutoka, kwa franga na si kwa samaki, juu bei ya samaki inabadilika na hautajua umelipa nini. Tatu, na hii njo inategemea yote ya juu: panga mbalamwezi yenye inakuja isikukute mikono mitupu. Gunia nusu ya sambaza kavu iko ndani, lengalenga ya kipande cha pili iko tayari, AVEC inaweza kukukopesha kidogo kwa faida yenye inarudi kwako mwenyewe wakati wa kugawana. Ukivuka mbalamwezi moja bila kukopa kwa patro, yule mwenye ekipe, ya pili ni rahisi kidogo.

Kama hauna kitu kabisa sasa hivi, giza hili lenye linakuja weka pembeni kopo moja kwa kila usiku, kausha, usiuzishe mpaka mbalamwezi, na ile franga nunua wavu wa kitanda cha kukaushia. Kobai na etan zingoje.